Wiki Niliyolilaza Gari la Marehemu

Ukiambiwa kwamba kulaza gari, yaani kulihifadhi kwa miezi bila kuliendesha, ni kazi ya mafundi peke yao, usiogope. Mtu yeyote mwenye mikono miwili na subira kidogo anaweza. Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba cha kushonea sare za shule kule Pipeline, na kabla ya wiki hiyo nilikuwa sijawahi kufungua boneti ila kuongeza maji. Nilijifunza kwa siku moja na nusu. Nitaeleza nilivyofanya, pole pole, kwa sababu kila nililoelekezwa ni kweli na lilifanya kazi. Mengine yaliyotokea nitayaeleza vilevile.

Mume wangu aliangushwa na presha kazini siku ya Jumatano, na Ijumaa akafariki. Kwao ni magharibi, mbele ya Kakamega. Mama yake alikuwa nasi Buruburu mwezi mzima kwa sababu ya kliniki ya nyonga. Gari ndilo lililokuwa likimleta. Mume wangu alikuwa akienda kumchukua mwenyewe, anakisukuma kiti cha mbele hadi mwisho ili mguu wa mama unyooke, na kwenye droo ya dashibodi anamwekea peremende za mnanaa. Alikuwa akimwambia, "Mama, mimi nikiwa na tairi nne, wewe hutapanda basi." Mama alipenda kuwasimulia majirani maneno hayo hata mimi nikiwepo, kana kwamba mwanawe alikuwa ameyasema juzi tu.

Gari lenyewe ni jeupe, fupi mbele, refu nyuma, la kubebea mizigo. Tulilinunua sote wawili, lakini kitabu cha umiliki kiliandikwa jina lake. Lilibeba sare zangu kuzipeleka shuleni, robota kumi kwa safari moja. Bila gari hilo mimi ni mwanamke mwenye cherehani nne na wateja asioweza kuwafikia. Nilijua hivyo hata kabla ya machozi kukauka, na sioni haya kusema.

Jumapili kamati ya mazishi ilikutana sebuleni kwetu. Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa amefika kwa basi asubuhi hiyo, na alikuwa ameketi kwenye kiti cha mume wangu, viatu miguuni.

"Tukisafiri Alhamisi, gari la marehemu ndilo linatangulia," alisema. "Linaingia bomani mbele ya mwili, linapiga honi. Halafu linalala nyumbani siku nne. Baadaye tutaona."

Watu waliitikia kwa vichwa. Ndivyo inavyofanywa kwao na sina ubaya na desturi hiyo. Mtu aliyenunua gari hurudi nalo nyumbani, hata akiwa amelala. Yaliyonichoma ni hayo maneno mawili ya mwisho.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mjane aliyeolewa sehemu zizo hizo, alinifuata jikoni. Alianza kuosha vikombe bila kuombwa.

"Umesikia 'baadaye tutaona'?"

"Nimesikia."

"Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Mwaka jana nimeliona langu Mbale, limejaa kuku. Kibandiko cha shule ya mtoto wangu bado kiko kwenye kioo." Alipangusa kikombe akakiinua kwenye mwanga. "Wewe lia tu, mama. Ukimaliza kulia utabeba hizo sare kichwani."

Jumatatu nilienda Industrial Area. Kuna godauni hapo lililogawanywa vyumba vya mabati, kila chumba na kufuli lake, na watu huhifadhi samani wakihama au wakienda ng'ambo. Nilikuwa nimekodi kimoja zamani kuhifadhi majora ya vitambaa. Mlinzi wake aliwahi kuwa fundi wa malori, mtu wa makamo, mcheshi, kila wakati na kijiti cha kiberiti mdomoni.

"Mathe, unataka kuificha ama kuihifadhi?" aliniuliza.

"Kuna tofauti?"

"Iko. Kuficha ni ya leo na kesho. Gari ikifichwa tu, panya wanahamia na familia. Kuihifadhi ni kazi. Utaweza?"

"Nielekeze."

Akanielekeza, nami nikaandika nyuma ya daftari la vipimo. Nakuandikia wewe pia. Badilisha oili kabla ya kulilaza, si baada, kwa sababu oili chafu hula injini ikiwa imetulia. Jaza tangi hadi juu. Tangi nusu hutoa jasho ndani, na jasho huleta kutu. Ongeza upepo kwenye tairi kuliko kawaida. Usilifunike kwa turubai la plastiki, litaota ukungu. Tafuta kitambaa cha pamba. Na zaidi ya yote, lioshe ndani na nje mpaka pasibaki chembe ya mkate, maana chembe moja ya mkate ni mwaliko.

Oili nilibadilishiwa jioni hiyo na kijana wa gereji ya kando ya Jogoo Road. Kuhusu kitambaa sikuhangaika. Nilikuwa na kaki ya suruali za shule, jora zima. Nilipima gari kwa utepe kama ninavyompima mwanafunzi, mabega, kiuno, urefu, nikashona shuka la gari kwa saa tatu. Lilikaa vizuri. Nilifurahi nalo, na hadi leo nashangaa kwamba siku ya nne ya msiba niliweza kufurahia mshono.

Jumanne asubuhi nililitoa gari mbele ya nyumba kulisafisha. Ndipo Mama akatoka na fimbo yake. Akaketi kwenye kigoda kando ya ndoo, akanitazama kwa muda.

"Hivyo ndivyo," alisema. "Lisafishe vizuri, mwanangu. Yeye hakupenda uchafu."

Nilikuwa na brashi mkononi. Nilielewa mara moja alichofikiri. Kila familia huosha gari kabla ya safari ya mazishi, na mimi nilikuwa mjane, na hilo lilikuwa gari la marehemu. Angefikiri nini kingine? Ningeweza kunyamaza, na kunyamaza kungetosha. Lakini mimi nina tabia ya kumjibu mtu anapozungumza nami.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Liwe safi."

"Nipe kitambaa na mimi."

Nikampa. Alifuta mlango wa mbele wa kushoto, kiti, dashibodi, kila alipoweza kufika akiwa ameketi. Alipangusa droo akatoa maganda ya peremende moja moja na kuyatia mfukoni mwa gauni lake. Chini ya kiti aliona chembe za mkate, akanionyesha kwa fimbo. "Hapa umepasahau." Nikapiga brashi hapo. Tulifanya kazi pamoja kwa saa mbili, na nakuambia ukweli, sijawahi kupata msaidizi makini kama huyo. Kona ambazo mlinzi wa godauni alinionya kuzihusu, Mama alizimaliza zote.

Tulipomaliza alisimama kwa taabu, akakivua kitambaa chake cheupe cha kichwa, kile cha akina mama wa kanisa lao, chenye msalaba wa uzi wa samawati pembeni. Alikikunja mara nne akakiweka juu ya kiti cha mbele.

"Nashika nafasi," alisema. "Hawa watu wa kamati nawajua. Alhamisi utaona mtu na tumbo lake amekaa hapa. Wakiona kitambaa cha kanisa wataogopa kukikalia."

Nikacheka. Yeye pia akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"Nitamsindikiza mwanangu nikiwa mbele," akasema. "Alinileta mbele, atanirudisha mbele."

Nikamwambia naenda kuongeza upepo na mafuta. Huo haukuwa uongo. Niliongeza upepo na mafuta, kisha nikaenda Industrial Area.

Sasa nifuate hapa, kwa sababu sehemu hii ndiyo wengi hukosea. Ukishaliingiza gari ndani, usivute handbreki. Breki ikikaa miezi imebana, itashikana na gurudumu, na siku ya kulitoa utalia. Weka gia ya kwanza, tia mawe mbele na nyuma ya tairi, kisha inua gari kwa jeki, kona moja moja, uliweke juu ya stendi za chuma ili tairi zisipate ubapa. Ondoa betri. Tumia spana ya kumi, na uanze na waya wa hasi, yaani ule mweusi. Ukianza na mwekundu, spana ikigusa bodi, utaona cheche. Tawanya vidonge vya naftalini, vile vya sanduku la nguo, kila kona. Shusha kioo kwa upana wa kidole, hewa ipite. Mlinzi alisimama akinitazama nikifanya haya yote, na mwisho akasema, "Mathe, wewe ukichoka na nguo kuja nikupee kazi."

Likabaki jambo moja. Ekzosi, bomba la moshi, lazima lizibwe, vinginevyo panya na unyevu huingilia hapo.

"Kitambaa," mlinzi alisema, akinyoosha mkono.

Nikatafuta. Matambara yote nilikuwa nimeyaacha nyumbani kwenye ndoo, maana tulikuwa tumesafisha hadi hapakubaki kitu garini. Shuka la kaki lilikuwa limeshonwa kwa kipimo, sikuweza kulikata.

"Fundi wa nguo hana kitambaa?" Mlinzi alicheka hadi kijiti kikamdondoka. "Hiyo nayo ni kali."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka. Dakika tano kwenda, dakika tano kurudi. Nataka ulijue hilo, kwa sababu nimejiambia mara nyingi kwamba sikuwa na la kufanya. Lakini nilikuwa nimechoka. Na kile kitambaa cheupe kilikuwa kimekaa kwenye kiti tangu Buruburu, kimekunjwa mara nne, kikinishikia nafasi pale ambapo sikutaka mtu akae. Nilikuwa nimekitazama kila mara nikisimama kwenye taa za barabarani. Nilikichukua nikampa.

Alikisokota akakisukuma kwa kidole gumba hadi kikajaa bomba. Msalaba wa samawati ulibaki nje kidogo, naye akausukumiza ndani pia. Tukalifunika gari. Nikafunga kufuli, nikapanda gari la abiria kurudi nyumbani.

Jumatano saa kumi na moja jioni kamati ilikuwa imejaa tena. Shemeji hakungoja maombi yaishe vizuri.

"Shemeji, gari liko wapi?"

"Limeharibika. Liko gereji, giaboksi imefunguliwa."

"Jana lilikuwa linatembea."

"Jana ndiyo liligoma."

"Gereji gani? Nitume vijana wakalivute. Hata likifika kwa kamba, bora lifike."

"Giaboksi iko mezani vipande vipande. Utavuta nini?"

Aliniangalia, kisha akageukia kiti cha pembeni, ambapo mama yake alikuwa ameketi, kichwa kimefunikwa kwa leso ya kukopa.

"Mama, wewe ulikuwa hapa jana. Gari lilikuwa na shida?"

Mama alikuwa amekaa kando ya gari hilo saa mbili. Aliliona likiwashwa mara moja na kuondoka kimya. Alinitazama usoni, kwa muda mrefu, na nikaona jinsi alivyoufikia ukweli. Alianza na brashi, akapita kwenye chembe za mkate, akafika kwenye "liwe safi". Halikuwa jambo gumu. Mtu yeyote angefika.

"Mimi najua nini habari za magari?" alisema. "Lilitoka likipiga kelele."

Shemeji akapumua kwa pua. "Sawa. Basi utapanda basi, Mama. Na huo mguu wako. Mshukuru mke wa mwanao."

"Nitapanda," Mama alisema.

Ningeweza kusema neno. Kufuli lilikuwa na funguo mbili na zote zilikuwa kwenye sidiria yangu. Saa mbili zingetosha kulitoa gari kwenye stendi, kurudisha betri, kuchomoa kitambaa na kukifua. Nilikaa hapo nikihesabu saa hizo mbili, nikapitisha sahani ya mandazi.

Basi la mazishi lina ngazi ndefu. Alhamisi alfajiri, nje ya mochari, vijana wawili walimpandisha Mama kwa kumshika makwapani, na nyonga ilipojikunja alitoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwa mtu mzima. Mmoja wao alisema, "Pole, shosho, hii basi si ya wazee," mwingine akamnyamazisha. Walimweka kwenye benchi la nyuma, karibu na jeneza, kwa sababu hapo ndipo palikuwa na nafasi ya kunyoosha mguu. Aliunyoosha kando ya mwanawe, karibu saa kumi za safari. Mimi nilikuwa viti vitatu mbele na watoto wangu wawili. Kila basi liliporuka shimo niligeuka. Hakuwahi kuwa ananitazama.

Tulipofika, mguu ulikuwa umevimba kama gogo. Ijumaa hakuamka kitandani. Jumamosi walimbeba kwenye kiti hadi hemani, wakamweka safu ya mbele. Kaburi lilichimbwa upande wa chini, baada ya migomba, mahali penye mteremko na udongo uliolowa mvua, na waliposema wambebe hadi huko alikataa asije akawaangusha watu na kuharibu mazishi. Basi alibaki hemani peke yake na viti vitupu. Sisi tulishuka. Alimzika mwanawe kwa masikio, kwa kusikia udongo.

Kabla ya hapo shemeji alikuwa ameshika kipaza sauti. "Ndugu yangu alikuwa na gari," alisema. "Mlizoea kuliona. Leo gari limekataa kumsindikiza. Limesema lina giaboksi." Watu wakacheka, kicheko cha matangani, cha chini, kirefu. Kinauma kuliko matusi. Nilitazama viatu vyangu. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Kwani limeolewa na nani sasa?" wakacheka tena.

Hakuna aliyelipata gari. Nilishinda, kama ni kushinda.

Baada ya miezi mitatu, mwanasheria aliponihakikishia kwamba naweza kulitumia, nilirudi godauni. Naomba unisikilize kwa makini hapa, kwa maana nisingependa ukose moyo kwa sababu ya mambo yangu. Maelekezo yale ni mazuri. Nilivua shuka la kaki, na rangi ilikuwa inang'aa. Tairi hazikuwa na ubapa. Hakukuwa na panya, hakukuwa na ukungu wala kutu. Nilirudisha betri, safari hii nikianza na waya mwekundu, nikazungusha ufunguo, na injini ikaitika kwa mara ya kwanza. Mlinzi alipiga makofi. Kabla ya hapo alikuwa amechomoa kitambaa kwa koleo, akanikabidhi kikiwa kimesokotwa bado, cheusi upande mmoja.

Nilikifua kwa sabuni ya mche. Nikakiloweka na jiki, nikakianika juani, nikarudia. Mimi najua vitambaa, na nilijua tangu mwanzo kwamba masizi ya mafuta hayatoki kwenye pamba nyeupe. Lilibaki doa la kijivu, pana kama kiganja, na msalaba ukawa rangi ya majivu. Nilikipiga pasi, nikakikunja mara nne. Sikujua nikiweke wapi, nikakitia kwenye droo ya dashibodi.

Kliniki ya Mama iliendelea. Lakini gari hilo haliwezi kwenda kumchukua. Likiingia bomani halitoki, na shemeji amesema hivyo mbele ya watu. Kwa hiyo Mama huja kwa basi, kila mara, na mimi humngojea kituoni.

Mara ya kwanza alishuka kinyumenyume, akishika vyuma, ngazi moja, akapumzika, ngazi nyingine. Nilikuwa nimekisukuma kiti cha mbele hadi mwisho. Alilizunguka gari lote polepole na fimbo yake, kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akaingia mbele, akaunyoosha mguu. Hatukuwa tumetoka kituoni alipofungua droo. Nadhani alikuwa anatafuta peremende.

Alikitoa, akakikunjua juu ya mapaja. "Hiki ni changu."

"Ndiyo, Mama."

"Kilikuwa kinafanya kazi gani?"

Ningeweza kudanganya. Lakini aliuliza kama mwanafunzi anavyouliza, na mimi nikiulizwa hivyo hueleza. Nikamweleza kuhusu ekzosi, unyevu, na panya wanavyopitia hapo hadi kwenye injini. Nikamweleza kwamba lazima bomba lizibwe kwa kitambaa cha pamba, kwa sababu nailoni huyeyuka mtu akisahau akawasha injini. Nilimweleza hadi mwisho.

"Panya hawakuingia?"

"Hawakuingia, Mama."

"Vizuri," alisema.

Aliivua leso yake, akakifunga kitambaa kichwani, akavuta pindo hadi doa likakaa mbele, juu ya paji la uso. Akashusha kikinga jua chenye kioo, akajitazama, akakirekebisha kidogo.

"Twende," akasema.

Amekuja mara sita tangu siku hiyo. Kila mara hushuka kwenye basi akiwa amekivaa. Kwenye kliniki muuguzi aliwahi kumwambia, "Shosho, hicho kitambaa si mtoto wako akufulie?" Mama akamjibu kwa upole kwamba kimefuliwa sana, tena na fundi, kisha akaninyooshea mkono nimsaidie kusimama.